"Wapo": Nafsi Isiyotajwa Jina katika Wimbo wa Mwaka 2017 na Mapokezi Yake



Utangulizi

Mhadhara huu unahusu neno moja lenye herufi nne: wapo. Mwezi Machi mwaka 2017 msanii wa muziki wa kizazi kipya nchini Tanzania, Emmanuel Elibariki, anayejulikana kwa jina la usanii la Nay wa Mitego, alitoa wimbo wenye jina hilo. Katika muda mfupi wimbo ulimfikisha mikononi mwa polisi, ukapigwa marufuku na Baraza la Sanaa la Taifa, kisha ukaruhusiwa kwa kauli ya Rais wa nchi. Waandishi wa habari walilieleza tukio hilo kama habari ya siasa, na wanaharakati walilieleza kama suala la uhuru wa maoni. Nakusudia kulitazama kwa jicho la mwanafunzi wa lugha, kwa kuwa naamini kwamba kiini cha mgogoro wote kimo katika sarufi ya jina la wimbo.

Dai langu ni hili. Jina la wimbo linatoa habari juu ya watu bila kuwataja, na kwa kufanya hivyo linamlazimisha kila msikilizaji kuleta majina kutoka kichwani mwake. Waliotaka kuuadhibu wimbo na waliotaka kuusifu walifanya kazi ileile ya kujaza nafasi iliyoachwa wazi. Hivyo, tunapouliza ni nani aliyechokozwa, hatuna budi kuuliza kwanza ni nani aliyejaza.

Matukio kwa ufupi

Ili tusipotee, nitaeleza matukio kwa mfuatano. Machi 23, 2017 Rais John Magufuli alimteua Dkt. Harrison Mwakyembe kuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, akichukua nafasi ya Nape Nnauye. Siku hizohizo wimbo wa Wapo ulikuwa ukisambaa kwa kasi katika simu za mkononi na katika mitandao ya kijamii. Jumapili, Machi 26, msanii alikamatwa mjini Morogoro, kwa tuhuma kwamba wimbo wake uliikashifu serikali. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaarifu wapenzi wake kupitia mtandao kwamba amekamatwa. Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, likatangaza kuupiga marufuku wimbo huo.

Jumatatu, Machi 27, mambo yaligeuka. Waziri Mwakyembe alitangaza kwamba Rais ameupenda wimbo, kwamba msanii aachiwe, na kwamba wimbo upigwe katika vituo vya redio na televisheni. Waziri aliongeza kwamba Rais amemshauri msanii auboreshe kwa kuwaongeza watu wengine katika orodha yake, kama vile wakwepa kodi na wanaojihusisha na dawa za kulevya. Msanii akaachiwa. Kwa hiyo wimbo uleule, bila kubadilishwa hata silabi moja, ulikuwa kosa siku ya Jumapili na ulikuwa mchango kwa taifa siku ya Jumatatu.

Mwanafunzi wa lugha hawezi kulipita jambo hilo kimya kimya. Maneno hayakubadilika, lakini maana iliyotangazwa rasmi ilibadilika. Ni lazima tutafute mahali ambapo mabadiliko hayo yalitokea.

Umbo la neno

Tuanze na mofolojia. Neno wapo lina viambishi viwili tu. Cha kwanza ni wa-, kiambishi cha nafsi ya tatu wingi. Cha pili ni -po, kiambishi cha mahali. Ndani yake hamna mzizi wa kitenzi wala kiambishi cha njeo. Hata hivyo neno hili ni sentensi kamili. Mtu akilitamka, msikilizaji huelewa kwamba watu fulani wanapatikana mahali fulani wakati wa kusema. Lugha chache zinaweza kutoa hukumu kamili kwa vipande vidogo kiasi hiki.

Katika matumizi ya kawaida, wa- hutanguliwa na nomino inayokishikilia. Tukisema, "Wageni wamefika; wapo sebuleni," hatuna shaka kwamba waliopo ni wageni. Nomino imetangulia, na kiambishi kinarejea kwake. Katika jina la wimbo hakuna nomino iliyotangulia. Msikilizaji anapewa upatanisho kabla ya kupewa kinachopatanishwa, na kwa sababu akili ya msemaji wa Kiswahili haivumilii upatanisho usio na mwenyewe, mara moja anaanza kumtafuta mwenyewe huyo.

Kiambishi cha pili nacho kina kazi yake. Vitabu vya sarufi vinatufundisha kwamba -po huonyesha mahali dhahiri na mahususi, -ko mahali pasipo dhahiri au pa mbali, na -mo mahali pa ndani. Kama wimbo ungeitwa Wako, watu hao wangeonekana kuwa mbali nasi, mahali tusipopajua. Kama ungeitwa Wamo, tungeuliza mara moja wamo ndani ya nini. Wapo inawaweka karibu, mahali ambapo msemaji na msikilizaji wote wanapaona. Nakiri kwamba katika mazungumzo ya kila siku wasemaji wengi wa leo hawaitunzi sana tofauti ya -po na -ko. Hata hivyo methali zimeihifadhi. Wahenga waliposema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," walichagua -po kwa sababu walitaka kusema kwamba jambo linalonong'onwa halipo mbali.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba mwaka 2016 BASATA ilikuwa imeufungia wimbo mwingine wa msanii huyohuyo, uitwao Pale Kati Patamu. Wimbo ule ulifungiwa kwa sababu za maadili, nao wa Wapo ulizua tuhuma ya kuikashifu serikali. Lakini tazama sarufi ya majina yake. Pale Kati Patamu ni upatanisho wa pa- kuanzia mwanzo hadi mwisho: mahali panasifiwa, lakini hapatajwi ni wapi. Kilichosemwa waziwazi katika jina hilo ni kwamba mahali fulani pana utamu. Mengine yote yaliletwa na msikilizaji. Nyimbo hizo mbili zimetumia ngeli ya mahali kwa mbinu ileile, mara moja kwa mambo ya mwili na mara moja kwa mambo ya dola.

Wapo kama kauli ya mwenye mamlaka

Zaidi ya umbo lake, neno wapo lina historia ya matumizi katika hotuba zetu. Mwalimu mkuu anaposimama mbele ya wanafunzi mstarini na kusema, "Wapo wanafunzi wanaochelewa kila siku," hamtaji mtu, lakini wachelewaji huinamisha vichwa. Imamu katika hotuba ya Ijumaa na padri katika mahubiri ya Jumapili hutumia kauli hiyohiyo kuwaonya waumini. Kiongozi wa siasa jukwaani husema kwamba wapo watu wachache wasioitakia mema nchi, na umati hushangilia huku kila mmoja akiwaza jina lake.

Katika mifano hiyo yote, anayesema wapo ana cheo kuliko wanaosikiliza. Yeye anawajua wakosaji na ameamua kuwasitiri kwa leo. Kusitiri kwake ni hisani, na ndani ya hisani hiyo kuna tishio kwamba kesho anaweza kuwataja. Kauli hii ni chombo cha onyo kinachoshuka kutoka juu kwenda chini.

Msanii kijana alikichukua chombo hicho na kukielekeza juu. Alisimama mahali pa mwalimu mkuu, akawaweka wakubwa mahali pa wanafunzi walio mstarini. Naona kwamba uchokozi wa wimbo unaanzia hapa, kabla hatujafika kwenye beti zake. Msikilizaji anayeisikia kauli ya wapo kutoka kinywani mwa asiye na cheo anasikia utaratibu wa heshima umepinduliwa, hata kama hawezi kueleza ni kiambishi gani kilichoupindua.

Mapokeo ya fumbo

Mbinu hii haikuzaliwa na muziki wa kizazi kipya. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, alitunga mashairi katika kipindi cha uhasama baina ya Wamazrui wa Mombasa na Sayyid Said, na katika majibizano ya kishairi baina ya Mombasa na Lamu fumbo lilikuwa silaha inayokubalika. Jamii ya pwani ililea usemi kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua. Usemi huo unagawa wasikilizaji wawili mbele ya maneno yaleyale, na unampa msikilizaji kazi ya kuikamilisha maana.

Kazi hiyo ya msikilizaji inaonekana wazi zaidi katika taarabu. Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu muziki na siasa nchini Tanzania, ameeleza jinsi wanawake wanavyotumia desturi ya kutunza katika maonyesho ya taarabu. Mwimbaji anaimba maneno ya jumla yasiyomtaja mtu. Mwanamke mmojawapo katika hadhira anainuka mstari fulani unapofika, anacheza taratibu hadi mbele, anamtunza mwimbaji, na pengine njiani anamtupia jicho mwanamke mwingine. Kuanzia hapo mstari umepata mlengwa. Mwimbaji hakumtaja yeyote na anaweza kuapa hivyo kwa haki. Aliyetaja ni mtunzaji, kwa noti yake na kwa jicho lake.

Desturi hiyo inatupa istilahi ya kulielezea tukio la Machi 2017. Nasema kwamba polisi na BASATA walitunza. Walipoinuka katikati ya wimbo na kusema kwamba maneno haya yanaikashifu serikali, walionyesha kwa kidole mahali ambapo wimbo haukuonyesha. Marufuku ilikuwa noti iliyotolewa hadharani mstari ulipofika.

Wasikilizaji watatu

Sasa tuwalinganishe wapokeaji. Msikilizaji wa kwanza ni dola kupitia polisi na baraza. Usomaji wake ulikuwa kwamba wa- ni sisi. Alipoisikia nafsi ya tatu aliibadili kuwa nafsi ya kwanza, na kwa kitendo hicho akakiri kwamba alijitambua. Hapa pana kinaya kinachozikabili mamlaka zote zinazopiga marufuku fumbo: haziwezi kumwadhibu mfumbaji pasipo kulifumbua fumbo mbele ya watu.

Msikilizaji wa pili ni umma. Wananchi hawakulijaza neno kwa ombwe. Tangu Rais Magufuli alipoingia madarakani Novemba 2015, lugha ya siasa ilikuwa imejaa istiari ya tiba. Kuwafukuza watumishi wazembe na wala rushwa kuliitwa kutumbua majipu, na istiari hiyo ilienea hadi sokoni na kwenye vijiwe vya kahawa. Rais mwenyewe alikuwa na shahada ya uzamivu katika kemia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na aliitwa Daktari. Sehemu ya wimbo iliyonukuliwa zaidi na vyombo vya habari ilihusu daktari asiyependa kushauriwa. Hapo wimbo unaacha wingi na kuingia umoja, na msikilizaji aliyezoea istiari ya majipu hakuhitaji maelezo. Msanii hakuleta istiari mpya. Aliitumia istiari ya serikali yenyewe, akauliza nani anamtibu tabibu.

Msikilizaji wa tatu ni Rais. Usomaji wake ulikuwa wa werevu mkubwa. Hakuukana wimbo, wala hakujitetea. Aliusikia kama orodha, na kwa kuwa orodha inayoanza na wapo haina mwisho wa lazima, alipendekeza majina ya makundi mengine ya kuongeza. Kisarufi, pendekezo hilo linafanya kazi mbili. Kwanza, linaijaza wa- kwa watu ambao serikali yenyewe ilikuwa ikiwaandama, yaani wakwepa kodi na wahusika wa dawa za kulevya. Pili, linamtoa Rais katika kundi la wanaosemwa na kumweka katika kundi la wanaosema. Kauli ya onyo iliyokuwa imeelekezwa juu ikageuzwa tena kwenda chini, ilikozoea kwenda.

Wako waliolipokea tamko la Jumatatu kwa furaha, na ni kweli kwamba mtu aliyekuwa kizuizini alirudi kwa watu wake. Lakini tuitazame gharama yake. Msanii hakuachiwa kwa sababu mahakama ilisoma wimbo na kuona kwamba hauna kosa. Aliachiwa kwa sababu msikilizaji mmoja mwenye uwezo aliufasiri vizuri. Ikiwa wimbo unahalalishwa na sikio la mkubwa, basi unaweza kuharamishwa na sikio hilohilo. Wiki iliyofuata, Aprili 2017, msanii mwingine wa nyimbo za kukosoa, Roma Mkatoliki, alitekwa pamoja na wenzake kutoka studio jijini Dar es Salaam na kupatikana baada ya siku tatu. Sisemi kwamba matukio hayo mawili yana mkono mmoja. Nasema kwamba tamko la Jumatatu halikuwaachia wasanii kanuni yoyote ambayo wangeweza kuitegemea.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba ninaipa sarufi uzito usio wake. Mtu anaweza kusema kwamba kila mtu alijua wimbo unamsema nani, na kwamba habari za viambishi ni mapambo ya kitaaluma. Nakubali kwamba watu walijua. Lakini ujuzi huo ulikuwa ndani ya watu, haukuwa ndani ya neno. Tofauti hiyo ni kubwa pale mtu anapotakiwa kujibu mbele ya sheria. Mtu anaweza kuwajibishwa kwa alichokisema. Ni vigumu kumwajibisha kwa haki kutokana na kile ambacho wengine wanakijua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Linasema kwamba fumbo ni ukumbi wa waoga, na kwamba linawaumiza wanyonge ambao hawana njia ya kujibu. Ni kweli kwamba mipasho imewahi kuvunja ndoa na ujirani, na aliyetupiwa jicho ukumbini hana hakimu wa kumlalamikia. Ni kweli pia kwamba mapokeo yetu yana njia ya kutaja waziwazi. Siti binti Saad, aliyerekodi nyimbo za taarabu mjini Bombay mwaka 1928, katika wimbo wake wa Kijiti alimtaja mtuhumiwa wa mauaji kwa jina na akaisuta mahakama ya kikoloni. Kwa hiyo fumbo si wajibu wa mwimbaji wa Kiswahili, ni chaguo. Lakini chaguo hilo linafanywa kwa kupima hatari. Mwimbaji akianza kufumba zaidi kuliko alivyokuwa akifumba jana, mtafiti anapaswa kuuliza ni nini kimebadilika katika mazingira yake kabla ya kumwita mwoga.

Kutoka nafsi ya tatu hadi nafsi ya kwanza

Rais Magufuli alifariki Machi 17, 2021, na serikali ya awamu ya sita ikashika hatamu. Kisa cha Nay wa Mitego na BASATA hakikuishia hapo. Mwaka 2023 aliitwa na baraza kuhusu wimbo wake Amkeni, na mwaka 2024 akatakiwa kujibu kuhusu wimbo wake Nitasema. Msanii huyu ametoa nyimbo nyingine nyingi, nami sidai kwamba alipanga majina yake kwa mpango wa kisarufi. Hata hivyo tukiziweka pamoja nyimbo tatu zilizomkutanisha na baraza kwa sababu za kuikosoa serikali, tunaona mwendo wa nafsi. Wapo ni nafsi ya tatu wingi: watu wasiotajwa, na msemaji amejificha. Amkeni ni nafsi ya pili wingi katika hali ya kuamuru: wasikilizaji wanaitwa. Nitasema ni nafsi ya kwanza umoja katika wakati ujao: msemaji amejitokeza, na kitendo anachokiahidi ni kusema kwenyewe.

Kwa kila hatua nafasi ya kujazwa na msikilizaji inapungua. Katika Wapo hatujui wanaosemwa wala hatumwoni msemaji. Katika Nitasema msemaji ni dhahiri kabisa, na kilichobaki wazi ni atakachokisema. Na bado baraza liliitika mara zote tatu. Jambo hilo linatuonya tusidhani kwamba fumbo ndilo linalozichokoza mamlaka. Uwazi nao huzichokoza.

Hitimisho

Kutokana na haya napendekeza kwamba mwanaisimu anapoombwa na mahakama, na baraza au na gazeti kueleza maana ya wimbo wenye utata, ajibu maswali matatu kwa mpangilio, bila kuyachanganya. Kwanza, maneno yenyewe yanasema nini kwa mujibu wa sarufi? Pili, hadhira ya wakati ule ilikuwa na ujuzi gani ulioiwezesha kuyakamilisha maneno hayo? Tatu, ni nani aliyekuwa wa kwanza kuijaza hadharani nafasi iliyoachwa wazi, na alifanya hivyo kwa mamlaka gani? Mara nyingi jibu la swali la tatu hutolewa kana kwamba ni jibu la swali la kwanza, na hapo ndipo mtu hulala rumande kwa sababu ya kiambishi.

Kwa wanafunzi mnaotafuta mada za tasnifu, nawaomba mkusanye matamko ya kufungia nyimbo kwa bidii ileile mnayokusanya nyimbo zenyewe. Tamko la marufuku ni matini ya uhakiki: lina msomaji, lina fasiri, na tofauti na tahakiki zetu, lina nguvu ya kumfunga mtu. Matamko hayo yasomwe, yalinganishwe, na yaulizwe yamejaza nini mahali ambapo mtunzi aliandika wa- peke yake.